Uvimbe Usio Wake: Kisa cha Mvulana Aliyepandikizwa Seli Shina Moscow

Mwaka 2005, katika hospitali ya Sheba huko Tel Hashomer, nje kidogo ya Tel Aviv, mvulana wa miaka 13 aliingizwa kwenye mashine ya MRI kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma na maumivu yanamrudia. Picha zilionyesha uvimbe mahali pawili. Mmoja ulikuwa ndani ya fuvu, umelibana shina la ubongo. Mwingine ulikuwa chini kabisa kwenye uti wa mgongo, umeizingira mizizi ya neva zinazoshuka kwenda miguuni.

Ukimjua mtoto huyu na ugonjwa aliozaliwa nao, ungekuwa na jibu la haraka: hii ni saratani yake mwenyewe, imekuja kama inavyowajia wenzake wengi. Jibu hilo lingekuwa na mantiki yote, na lingekuwa kosa. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi kwa sababu ya kazi yangu ya fiziotherapia kwa watoto, na kila nikirudia naona kwamba walioandika habari zake walitufanyia hisani kubwa. Hawakuridhika na jibu la haraka.

Mvulana alikuwa na ataksia telanjektasia, ugonjwa wa kurithi ambao ni nadra sana. Mtoto huanza kutembea karibu na umri wa wenzake, mama anashukuru, kisha hatua badala ya kukaza zinaanza kuyumba. Mkono unatetemeka akishika kijiko. Maneno yanakuwa mazito. Kwenye weupe wa macho hutokea vijishipa vyekundu, na hivyo ndivyo vilivyoupa ugonjwa nusu ya jina lake. Wengi wao huhitaji kiti cha magurudumu wakikaribia miaka 10. Kinachowaangusha ni kufa kidogo kidogo kwa seli za ubongo mdogo, ile sehemu ya kisogoni inayopima na kulainisha kila mwendo wa mwili.

Jeni inayohusika iligunduliwa mwaka 1995 na kikundi cha Yosef Shiloh, hukohuko Tel Aviv, ikapewa jina la ATM. Kazi yake ni ya ulinzi. Nyuzi za vinasaba zikikatika ndani ya seli, ATM ndiyo inayopiga mbiu ili mafundi wa ukarabati waje. Kila mtu hurithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, na mgonjwa ni yule aliyepata nakala mbovu zote mbili. Kwake mbiu haipigwi. Seli zinaharibika bila kurekebishwa, kinga ya mwili inakuwa dhaifu, na saratani za damu na za tezi humpata mara nyingi kuliko watoto wengine. Hata mionzi ya kutibu saratani humdhuru kupita kiasi, kwa hiyo mtoto kama huyu akipata uvimbe madaktari wanabaki na silaha chache mkononi.

Msomaji aishike vizuri habari hii ya nakala mbili mbovu, maana mbele ndiyo itakayoamua kesi.

Mwaka 2001 hapakuwa na dawa ya kuponya ugonjwa huu, na hata leo hakuna. Mvulana akiwa na miaka 9, wazazi wake walimpeleka Moscow. Huko walikuwa wanapandikiza seli shina za neva zilizotolewa kwenye ubongo wa vijusi vya mimba zilizotolewa. Seli shina ni seli changa ambayo bado haijashika kazi maalumu. Inaweza kugawanyika na kuzaa nyingine, na hizo baadaye zikawa seli za neva au seli za kuzihudumia neva. Hoja ya tiba ni rahisi kuelewa: mahali ambapo seli zimekufa, panda nyingine. Seli zilichomwa moja kwa moja kwenye ubongo mdogo kwa njia ya upasuaji, nyingine zikapitishwa kwa sindano ya kiunoni kwenye majimaji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 2002 alirudishwa. Mwaka 2004 akarudishwa tena.

Wazee walisema mfa maji hukamata maji, ila sitaki methali hiyo isomwe hapa kama lawama. Mzazi anayeona mwanawe anapoteza hatua moja kila mwezi, na kila daktari wa nyumbani anamwambia hakuna la kufanya, hawezi kuitwa mjinga kwa kufunga safari. Na wazo lenyewe halikuwa uzushi wa mitaani. Nchini Sweden, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Olle Lindvall na Anders Björklund walikuwa wamepandikiza tishu za ubongo wa vijusi kwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, na baadhi yao walipata nafuu iliyodumu miaka. Wazazi wa mvulana walifuata mwanga uliokuwepo kweli. Tatizo lilikuwa kwenye namna tiba ilivyofanywa.

Turudi Sheba. Mwaka 2006, mvulana akiwa na miaka 14, madaktari wa upasuaji waliutoa ule uvimbe wa kwenye uti wa mgongo. Chini ya hadubini ulionekana una seli za neva na seli za kuhudumia neva zimechanganyika, aina ya uvimbe unaokua polepole. Hapo pangeweza kuwa mwisho: jina la uvimbe linaandikwa, faili linafungwa, familia inapewa tarehe ya kurudi. Lakini kikundi cha watafiti, wakiwemo Ninette Amariglio na Gideon Rechavi, waliuliza swali ambalo kwa kawaida halimjii mtu akishika uvimbe wa mgonjwa: huu ni wa nani?

Walichukua damu ya mvulana upande mmoja na tishu ya uvimbe upande wa pili, wakaanza kulinganisha. Kwanza walitazama kromosomu za jinsia. Mvulana ana X na Y katika kila seli. Ndani ya uvimbe zilipatikana seli zenye X mbili, yaani seli za jinsia ya kike. Mwili wa mvulana huyu haungeweza kuzizalisha.

Kisha wakaitazama jeni ya ATM. Uvimbe uliotokana na seli za mvulana ungekuwa na nakala mbovu peke yake, kwa kuwa hana nyingine. Ndani ya uvimbe walikuta ATM iliyo nzima. Mimi hapa husimama kidogo kila nikisoma. Kasoro iliyomlegeza mtoto tangu akiwa mdogo ndiyo iliyotoa ushahidi kwamba uvimbe haukutoka kwake. Angekuwa na ugonjwa mwingine usioacha alama kama hiyo kwenye kila seli, na seli za mtoaji zingekuwa za kiume tupu, pengine hakuna ambaye angeshtuka.

Hawakuishia hapo. Walipima alama za HLA, zile ambazo hospitali hupima kabla ya kumpandikiza mtu figo, kwa kuwa kila mtu ana mchanganyiko wake. Walipima pia vipande vya vinasaba vinavyojirudiarudia, ambavyo urefu wake hutofautiana kati ya mtu na mtu, njia ileile inayotumika kutambua nani ni baba wa mtoto. Vipimo vyote vilisema jambo moja. Uvimbe haukuwa wa mvulana. Na jibu la HLA na la vipande hivyo likaongeza jingine zito zaidi: ulitokana na watoaji wasiopungua wawili.

Taarifa yao ilitoka Februari 2009 kwenye jarida la PLoS Medicine. Ilikuwa taarifa ya kwanza ya binadamu aliyeota uvimbe wa ubongo kutokana na tiba ya seli shina za neva.

Nataka kukaa kwenye hao watoaji wawili, kwa sababu wengi wanaosimulia kisa hiki hukimbilia neno uvimbe wakapapita hapo. Seli za zaidi ya kijusi kimoja zilikuwa zimeingia kwa mtoto mmoja, pengine zikichanganywa katika dozi moja, pengine kila safari na zake. Damu ya kumwongezea mgonjwa, jambo la kila siku katika hospitali zetu za wilaya, kila chupa ina namba yake, kundi lake, tarehe yake na vipimo vya maambukizi. Ikileta madhara, unairudia namba hiyo na kumtafuta mchangiaji. Sasa fikiria seli hai zinazoingizwa ndani ya ubongo, ambazo zikishaingia hazitoki na zinaendelea kuzaana. Hizo zilistahili kumbukumbu kali kuliko chupa ya damu. Waliogundua chanzo cha uvimbe hawakuwa wale waliochoma sindano, walikuwa madaktari wa nchi nyingine, kwa kutumia maabara ya vinasaba, miaka kadhaa baada ya dozi ya kwanza. Hilo ndilo kosa kubwa ninaloliona katika kisa hiki, kubwa kuliko ujasiri wa kujaribu tiba mpya.

Kwa nini seli ziliota uvimbe kwake? Kinga yake dhaifu ni sababu moja ya kuaminika. Seli za mtu mwingine zikiingia mwilini, kinga huzitambua na kupambana nazo, na ndiyo maana aliyepandikizwa figo humeza dawa za kuituliza kinga. Mtoto mwenye ataksia telanjektasia anaishi kana kwamba dawa hizo tayari anazimeza. Seli za kigeni zilipata uwanja. Pia kuna uchanga wa seli zenyewe: kadiri seli inavyokuwa changa ndivyo inavyogawanyika zaidi, na ikiingizwa kabla haijaelekezwa kazi inaweza kuendelea kugawanyika tu. Uwezo uleule wa kuongezeka ndio unaotafutwa na tiba, na ndio unaoogopwa. Na uvimbe wa pili kukaa chini kabisa ya uti wa mgongo kunafuata njia ya sindano ya kiunoni. Seli zikielea kwenye majimaji hayo zinaweza kutulia popote yanapofika.

Ni kisa cha mtoto mmoja, na hakiwezi kutuambia ni watu wangapi kati ya mia wangepata uvimbe. Hakisemi pia kwamba seli za kijusi lazima zigeuke uvimbe. Tunalo jaribio la kulinganisha nalo. Mwaka 2006, mwaka uleule uvimbe ulipotolewa Sheba, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi cha Oregon huko Portland, Marekani, kilianza kuwapandikiza seli shina za neva za kijusi watoto wenye ugonjwa wa Batten, nao ni wa kurithi, unaoua ubongo na kumaliza maisha mapema. Watoto walikuwa 6 tu. Jaribio lilikuwa na kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani, kiasi cha seli kilipangwa mapema, dawa za kutuliza kinga zilitolewa kwa muda maalumu kisha zikasimamishwa, na picha za ubongo zilirudiwa kwa ratiba. Baadhi ya watoto walipofariki kwa ugonjwa wenyewe, ubongo wao ulichunguzwa, na seli zilizopandikizwa zikaonekana bado zimo. Uvimbe haukuonekana. Ugonjwa haukupona, na watafiti walisema hivyo. Jina la seli ni lilelile la Moscow, lakini Portland kila hatua iliacha karatasi nyuma yake.

Baada ya 2009 zimekuja taarifa nyingine, na nitazipitia kwa ufupi. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza juu ya mwanamke kijana aliyevunjika uti wa mgongo, ambaye tishu za ndani ya pua yake mwenyewe zilipandikizwa hapo huko Lisbon, Ureno. Miaka 8 baadaye alianza kuumwa mgongo, na kilichotolewa kilikuwa uvimbe uliokuwa unatengeneza ute kama wa puani. Wanaosema seli zako mwenyewe haziwezi kukudhuru wakisome kisa hicho. Mwaka 2016 jarida la tiba la New England likaeleza juu ya mwanamume aliyepata kiharusi, akazunguka China, Argentina na Mexico akichomwa seli za aina tofauti kwenye majimaji ya uti wa mgongo. Aliota uvimbe ndani ya uti wa mgongo, na uchunguzi ukaonyesha seli zake ni za mtu mwingine. Ni kisa kilekile cha mvulana, kwa mtu mzima, tena mwenye ugonjwa ambao haukuwa umemdhoofisha kinga tangu kuzaliwa.

Elimu yenyewe haikusimama. Huko Kyoto, Japani, tangu 2018 Jun Takahashi na wenzake waliwapandikiza watu 7 wenye Parkinson seli zilizoelekezwa tayari kuwa za kutengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayowapungukia wagonjwa hao, zikitoka kwenye akiba moja iliyopimwa vinasaba. Walifuatiliwa miaka 2, na taarifa ya 2025 ikasema hakuna uvimbe uliotokea na kwamba seli zilionekana zinatengeneza dopamini. Marekani na Kanada, watu 12 wenye ugonjwa huohuo walipandikizwa seli za namna hiyo, nao wakafuatiliwa kwa miezi 18. Kwa walioumia ubongo katika ajali, Japani iliruhusu kwa masharti mwaka 2024 bidhaa ya seli za uboho zilizorekebishwa, zinazochomwa kuzunguka jeraha, baada ya jaribio lililoonyesha nafuu katika mwendo wa mikono na miguu ndani ya miezi 6. Hesabu ni ndogo, na matumaini yangu kwa kazi hizi ni makubwa kwa sababu hiyohiyo: hawaogopi kusema ni watu 7.

Kuna swali ambalo wazazi huniuliza, na ni la haki: mbona waliokwenda wanarudi wakisema mtoto amebadilika? Wengine wanasema kweli wanachokiona. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya jaribio la Denver na New York la watu 40 wenye Parkinson. Nusu walipandikizwa tishu za kijusi, nusu walitobolewa fuvu tu bila kuwekewa chochote, na hakuna kati yao aliyejua yuko upande upi. Jaribio kama hilo linauma kulifikiria, kumtoboa mtu fuvu bila kumpa kitu. Lakini bila hilo tusingejua ni kiasi gani cha nafuu kinaletwa na tumaini, na ni kiasi gani kinaletwa na seli. Nafuu iliyoonekana wazi ilikuwa kwa wenye umri mdogo kuliko wengine, na baadaye baadhi ya waliopandikizwa walianza kujinyonganyonga bila kujitawala hata walipoacha dawa zao. Kwa mtoto jambo hili ni gumu zaidi, kwa sababu mtoto hukua. Mwenye mtindio wa ubongo anayefanya mazoezi miezi 6 atapata kitu kipya hata bila sindano, na kama sindano ilichomwa katikati ya miezi hiyo, sifa zote zitakwenda kwa sindano.

Ndiyo maana kisa cha mvulana huyu kiko karibu nami kila siku. Akina mama huniletea simu zenye ujumbe wa mawakala wa kliniki za nje: picha ya mtoto anatembea, bei ya kifurushi, tiketi na hoteli ndani yake. Familia nyingine zimeshaanza mchango, shamba limeshatafutiwa mnunuzi. Siwakatazi kwa ukali, kwa kuwa sina kitu kikubwa cha kuwapa badala yake. Ninawasimulia kisa hiki chote, tena kwa utaratibu, kisha tunaandika maswali pamoja. Seli ni za nani, na ni za watu wangapi? Kwa ugonjwa wa mwanangu hasa, mmeshawapa wangapi, na matokeo yamechapishwa wapi? MRI ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa nne nani ataipiga, na nani ataisoma? Kama ni utafiti, mbona nalipishwa dawa inayofanyiwa utafiti? Kwa hapa Tanzania jaribio lolote la tiba lina mlango wa kupitia, kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na ruhusa ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na mzazi ana haki ya kuomba kuviona vyote viwili kwa macho yake.

Mwezi uliopita mama mmoja aliyatuma maswali hayo kwa wakala, akiwa amekaa kwenye mkeka wa mazoezi, mwanawe mapajani. Jibu lilirudi kabla hatujamaliza kunyoosha miguu. Lilisema akilipa kabla ya mwisho wa mwezi atapunguziwa bei. Alilisoma mara mbili, akaniuliza, "Hajasema ni za nani, eti?" Nikamwambia hajasema. Akaiweka simu kwenye mkoba, tukaendelea na mkono wa kushoto, ule unaokunjika ngumi. Alikishika kikombe mwenyewe, tukahesabu pamoja, tukafika kumi na moja.